Mwinjuma na Kipande Kisichorudiwa

Kaka yangu Mwinjuma alipata ugonjwa wa kurudia mambo kwenye harusi moja huko Vugiri, na nikitakiwa ninaweza kutaja hata saa. Ilikuwa saa saba na robo mchana, watu wametoka kuswali adhuhuri, pilau imeshaanza kunukia.

Yeye ni mpiga video wa harusi. Ofisi yake ni chumba kimoja hapa Masuguru, mjini Korogwe, kimepakana na chumba changu cha cherehani. Ukuta wa katikati ni mwembamba kiasi kwamba wateja wangu hupimwa mabega huku wakisikiliza vigelegele vya harusi ya mtu mwingine. Kazi yake anaijua. Lakini siku hiyo ya Vugiri, baba wa bibi harusi na bwana harusi waliposhikana mikono, betri ya kamera ikafa. Alipomaliza kuweka nyingine na kuinua jicho, watu walikuwa wameshaitikia amina.

Akamwendea Sheikh Mustafa aliyefungisha ile ndoa, akamwomba kwa adabu kama wangeweza kushikana mikono tena, dakika moja tu. Sheikh Mustafa ni mtu mwembamba asiyepandisha sauti. Akamwambia mbele ya ukoo mzima, "Mwinjuma, ndoa hairudiwi kwa ajili ya betri." Watu walicheka mpaka wapishi wakaja kuuliza kuna nini. Mpaka leo ukipanda Vugiri ukisema unamtafuta Mwinjuma, wengine hawamjui. Ukisema unamtafuta Betri, unaelekezwa mpaka mlangoni kwake, Korogwe.

Aliposhuka mlimani hakula. Alikaa kwenye benchi langu akaniambia, "Ikram, nataka nitengeneze kitu ninachoweza kukirudia mpaka kikae sawa." Nilidhani anasema kabati. Kumbe anasema filamu.

Basi hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye filamu, mimi na yeye na watu wengine wachache wasio na akili, kwa miaka minne. Iliitwa Mbegu za Uchagani. Aliiandika mwenyewe kwenye daftari la shule. Ni habari ya mwaka wa ukame: mwanamke anayeitwa Zubeda anashusha mahindi ya mbegu yaliyokaushwa kwa moshi uchagani, juu ya jiko, anawapikia watoto wenye njaa. Mumewe anarudi, anakuta uchaga mtupu, anampa talaka. Halafu mvua inanyesha, mahindi yanaota kwenye shamba la jirani aliyegawiwa mbegu na Zubeda huyohuyo, na mume anakwenda kumrejea mkewe katikati ya mahindi yaliyofika kiunoni. Ndiyo hiyo tu. Sisi watu wa huku hatuhitaji majini kwenye filamu, ukame unatutosha.

Kupata waigizaji kulikuwa kazi. Nani atampa Mwinjuma mke wake akawe mke wa mtu mwingine, hata kwa uongo? Mwishowe akaamua achukue mume na mke wa kweli, asisumbuane na wivu wa mtu. Akampata Faraji, mtoto wa mjomba wetu, mkulima wa Sindeni kule Handeni, na mkewe Hajira, ambaye kwa hiyo ni wifi yangu. Faraji ni mtu wa maneno machache na kichwa kigumu. Hajira ni mcheshi, ila ukimkosea hasahau. Jirani yao, Leboo, mfugaji wa Kimasai, alipewa kazi ya kushika maikrofoni. Tuliifunga kwa mpira kwenye fimbo yake ya kuchungia, naye alisimama nayo saa nzima bila mkono kutetemeka, jambo ambalo Mwinjuma anasema hata mafundi wa Dar hawaliwezi.

Mimi nilikuwa mwandishi wa daftari. Kila kipande kinapopigwa kinaweza kurudiwa, na kila marudio wenyewe wanayaita teki. Kazi yangu ilikuwa kuandika: kipande cha ngapi, teki ya ngapi, imeharibika kwa nini. "Kuku amepita." "Faraji amecheka." "Pikipiki." Mwinjuma hakukubali chini ya teki tatu hata kitu kiwe kizuri vipi. Mtu akitembea kutoka mlangoni mpaka kisimani, atatembea mara tatu. Nilimwambia siku moja kwamba analipiza kisasi kwa watu wa Vugiri. Hakubisha.

Ukame hatukuweza kuutengeneza wala mvua hatukuweza kuinunua, kwa hiyo tulingoja. Miaka miwili ya mwanzo Mungu alileta mvua nzuri. Watu wote Handeni wakashukuru isipokuwa mtu mmoja, naye ni kaka yangu. Mwaka wa tatu vuli haikunyesha kabisa. Mwezi wa pili majani yalikuwa yamekauka mpaka mbuzi wakawa wanakula maboksi. Mwinjuma akanipigia simu kwa furaha iliyonitia aibu. "Ikram, panda pikipiki twende. Kumekauka vizuri sana."

Siku hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Tulikuwa jikoni kwa Hajira. Mwinjuma alikuwa amebeba mahindi kutoka sokoni Korogwe, ameyapaka masizi yafanane na ya uchagani. Yale ya Faraji ya kweli yalikuwa yananing'inia pale pale juu ya jiko, mahindi thelathini, meusi kwa moshi, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake. Ilikuwa mbegu nyeupe ya kienyeji aliyoirithi kwa marehemu mama yake. Vuli ilipokauka ndiyo pekee iliyobaki. Kwenye teki tuliyaacha nyuma ya kamera, tukapiga upande wa pili.

Teki ya kwanza Hajira alipika, Faraji akaingia, akatazama juu, akasema, "Zubeda, nimekuacha. Talaka moja. Nenda kwenu." Ikawa sawa, ila kama mtu anayesoma tangazo. Teki ya pili ikawa afadhali. Katikati ya hizo teki tulikuwa tumeshinda na njaa, na yale mahindi ya kuigizia yalipoiva tukayala. Sote tulikula, na Leboo akaomba chumvi.

Mwinjuma akasema, "Teki ya tatu." Nikamwambia mahindi yameisha, umeyala. Akazunguka jikoni, akatazama juu. "Si hayo hapo?"

Hajira akasema, "Shemeji, hiyo ni mbegu."

"Tutaitoa kabla haijachemka. Na safari hii kamera itaonyesha uchaga wenyewe, mtupu kabisa. Shemeji, dakika tano tu."

Faraji alikuwa nje na Leboo, anangoja kuitwa. Hajira alinitazama mimi. Ningesema neno moja asingeyashusha, na hilo ndilo ninalojilaumu. Sikusema. Nilikaa naye chini, tukapukuchua mahindi yote thelathini, nikamwona anatikisa kichwa lakini mikono inaendelea, kwa sababu naye alikuwa amechoka na kazi ya miaka mitatu na alitaka iishe. Tukazimimina zile punje kwenye sufuria, maji yakiwa ya uvuguvugu. Mwinjuma akaita.

Faraji akaingia. Akatazama juu. Akanyamaza kwa muda mrefu kuliko ilivyoandikwa. Akamtazama mkewe, akatazama sufuria, na uso wake ukabadilika kabisa, nikaona mshipa wa shingoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Hajira. Nimekuacha. Talaka moja. Nenda kwenu." Akatoka.

Mwinjuma akapiga kelele, "Kata! Safi! Safi sana!" Tukapiga makofi. Hata Leboo aliipiga fimbo chini, maikrofoni na vyote. Mimi nikaandika kwenye daftari: "Teki ya tatu. Nzuri kuliko zote. Jina limekosewa." Mwinjuma akasema jina si tatizo, atalirekebisha kwenye kompyuta.

Tukarudi Korogwe tukiimba. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu, kile cha mwisho cha kurejea. Mwinjuma alikuwa na furaha mpaka akalipia soda za watu asiowajua pale stendi.

Baada ya siku nne Hajira alishuka kwenye pikipiki mlangoni kwangu, amejifunga ushungi, hana mzigo. Hakutaka chai. Akasema, "Wifi, lete lile daftari."

Nikalileta. Akasoma lile neno, "Jina limekosewa," akalisoma tena. Akasema, "Mimi ni mke wa mtu au si mke wa mtu? Namuuliza Faraji, ananiambia ilikuwa maigizo. Lakini mimi nilimwona macho. Miaka kumi na moja nimelala na yule mtu, macho yake nayajua."

Kwa upande wa pili wa ukuta Mwinjuma alikuwa anasikia kila kitu, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na vigelegele.

Tukamwita Sheikh Mustafa. Ndiyo, yule yule. Faraji naye akaja kutoka Sindeni. Tukakaa ofisini kwa Mwinjuma alasiri, sheikh kwenye kiti cha kuzunguka, miguu yake haigusi chini. Mwinjuma alitaka kueleza, sheikh akamwinulia mkono. "Si una kamera? Nionyeshe."

Akatazama teki zote tatu. Ilipofika ya tatu, akasema irudishwe. Mwinjuma akairudisha. Akasema tena irudishwe, na kwa mara ya kwanza maishani niliona kurudiarudia kunamuumiza kaka yangu.

"Tangu chuoni tulifundishwa kwamba mambo matatu, mzaha wake ni kweli," sheikh akasema. "Kuoa, kuacha na kurejea. Hizi mbili za mwanzo, Faraji, umesimulia habari za mume wa Zubeda. Mimi Zubeda simjui, na hapa hayupo. Hii ya tatu umemtaja mkeo kwa jina lake, mbele yake. Kwangu mimi hiyo ni talaka moja, imepita, wala sihitaji kukuuliza nia yako. Lakini nakuuliza kwa sababu huyu mwanamke amekuja kutoka Sindeni kutaka kujua. Ulikusudia?"

Angeweza kusema hapana. Sote tulimpa nafasi ya kusema hapana, tulitazama chini ili aseme.

Faraji akasema, "Nilikusudia, sheikh. Niliona uchaga mtupu, nikasahau kama kuna kamera. Niliona mbegu ya mama yangu ndani ya sufuria. Pumzi moja tu nilikusudia. Pumzi ya pili ilipokuja nilikuwa nimeshajuta, lakini watu walikuwa wanapiga makofi."

Kompyuta ilikuwa bado inacheza, kwa sababu siku ile Mwinjuma kwa furaha alisahau kuzima kamera. Ndipo tukaona tusichokiona siku ile. Kwenye picha mimi naandika daftari, Mwinjuma anaruka, Leboo anapiga fimbo. Pembeni, karibu na jiko, Hajira anaivuta sufuria kutoka motoni kwa mikono mitupu. Anatumbukiza mikono ndani ya maji, anachota punje, anazimwaga kwenye ungo, anapuliza, anachota tena. Anapuliza vidole vyake, anachota tena. Hakuna anayemsaidia. Picha iliendelea hivyo dakika nane, mpaka kadi ikajaa.

Faraji alikuwa hajui. Siku ile alitoka nje moja kwa moja, akaenda kukaa zizini. Alipotazama ile picha alijifunika uso kwa kofia yake. "Zile punje ziko wapi?" akauliza.

"Zimekauka. Nimezifunga kwenye kitambaa," Hajira akasema. "Zitaota au hazitaota, sijui."

Sheikh akashusha pumzi. "Basi hakuna kilichoharibika. Talaka ni moja, eda ndiyo kwanza imeanza. Faraji, mrejee mkeo hapa hapa, mimi shahidi, Mwinjuma shahidi, mwende nyumbani."

Faraji akafungua mdomo. Hajira akasema, "Ngoja."

Sheikh akamwambia kwa upole kwamba katika jambo hilo mume haombi ruhusa. Hajira akasema, "Najua, sheikh. Naomba mimi. Aliniacha kwa sababu ya mbegu, mbele ya kamera, watu wakapiga makofi. Sitaki anirejee ndani ya chumba kwa kunong'ona. Zile mbegu zikiota, anirejee shambani, mbele ya kamera ileile."

"Na mvua isiponyesha?"

"Mungu anajua."

"Eda haingoji mvua, mama. Twahara tatu zikipita, imekatika. Mtaanza upya kama hamjawahi kuoana."

"Najua."

Faraji akamtazama mkewe. Akasema, "Nimempa neno, nitangoja." Nilitaka kuwapiga wote wawili makofi. Kichwa kigumu kilikuwa kimepata mwenzake, na mimi nilikuwa nimeshika daftari ambalo kila ukurasa wake ulikuwa kosa langu.

Hajira akarudi Sindeni, kwa sababu mwenye eda ya namna hiyo anakaa nyumbani kwa mumewe. Faraji ndiye aliyehama, akaenda kulala bomani kwa Leboo. Kila asubuhi Mwinjuma alimpigia Leboo kuuliza mawingu.

"Bado, mzee," Leboo anajibu. "Lakini huyu mgeni wangu anakoroma. Ng'ombe wananikasirikia."

Mwezi wa tatu ukapita. Hajira akaniandikia ujumbe: "Wifi, moja imepita." Katikati ya mwezi wa nne: "Mbili." Kaka yangu alikonda. Alikuwa anarekodi harusi za watu, anarudi, anakaa mlangoni anatazama milima ya Usambara kama mvua imesimama huko inamwogopa. Niliamka usiku kuomba. Siku moja nikamkuta ofisini anatazama zile dakika nane, sauti imezimwa. Akaniambia, "Nilisema dakika tano tu. Niliwarudisha mara tatu tatu kila kitu, na hii moja, nisiyoipanga, ndiyo iliyotoka sawa." Nikampelekea chai.

Mvua ilinyesha tarehe ishirini na saba mwezi wa nne, saa nane mchana. Leboo alipiga simu akaishikilia nje tusikie bati la Faraji linavyopigwa. Wakapanda kesho yake, Hajira na Faraji, kila mtu na mstari wake, bila kusemezana. Siku ya saba ukaja ujumbe: "Zimeota. Si zote. Zaidi ya nusu. Wifi, na mimi siku zangu za mwisho zimekaribia."

Nikakimbilia upande wa pili wa ukuta. Mwinjuma alisoma akafurahi, halafu nikamwona anaanza kuwaza. Nikamjua.

"Mahindi yana urefu gani?" akauliza.

"Kidole."

"Kwenye hadithi yanafika kiunoni."

"Mwinjuma."

"Miaka minne, Ikram. Nimengoja ukame miaka miwili. Wiki saba tu yatakuwa kiunoni. Anaweza kumrejea leo kwa maneno, halafu tukaja kuigiza—"

Sijawahi kumtukana kaka yangu mkubwa, na siku hiyo pia sikumtukana, ila nilifika mlangoni pa tusi. Nilimwambia ameshafanya watu wawili walale vitanda viwili miezi mitatu kwa sababu ya teki ya tatu, na sasa anataka kiuno cha mahindi. Nikamwambia, "Watu wa Vugiri walikuwa na haki." Hilo lilimfika. Aliinuka, akaenda kwenye rafu, akachukua betri. Akachukua ya pili, ya tatu na ya nne. Akazichomeka zote kwenye chaji akakaa mbele yake akizilinda.

Kesho yake tulikwenda Sindeni pikipiki tatu. Sheikh Mustafa alikuja kuwa shahidi, na Isihaka dereva wake, mtu wa swala tano, akawa shahidi wa pili. Leboo alikuwa ameshasimama shambani na fimbo yake. Hata mistari ilikuwa haijanyooka. Vimahindi vilikuwa na majani matatu matatu, vingine mawili, na katikati kulikuwa na mapengo mahali punje zilipofia kwenye maji ya moto.

Mwinjuma akawaambia, "Mara moja tu. Hakuna kurudia." Nilimwona anafuta jasho la mikono kwenye suruali. Hakusema "teki ya kwanza" kama kawaida yake. Alisema, "Bismillahi."

Faraji akaja kutoka upande wa barabara. Alikuwa amevaa shati la filamu, lile lililoraruka begani nililolishona mimi. Hajira alikuwa amesimama mwisho wa shamba na jembe. Kwenye hadithi mume anatembea haraka, anayapasua mahindi kwa mikono. Faraji hakuwa na cha kupasua. Alitembea polepole anatazama chini, anatafuta pa kuweka mguu. Akasimama hatua kumi kutoka kwa mkewe.

"Hajira," akasema. "Nimekosa. Nimekurejea."

Hayo hayakuwa maneno ya daftari la Mwinjuma. Hajira naye alikuwa na maneno yake ya kusema, marefu, aliyoyakariri miaka miwili. Hakuyasema. Alitazama miguu ya Faraji, akanyoosha kidole.

"Pitia huku. Usikanyage."

Akapitia huko. Akachukua jembe mkononi mwa Hajira. Wakasimama tu, hawajui pa kuweka macho, na Hajira akaanza kulia, na mimi nikaanza kulia, na daftari likalowa. Mwinjuma hakusema kata. Alikuwa ameganda na jicho kwenye kamera. Sheikh Mustafa akamwinamia sikioni.

"Imeingia?"

"Imeingia, sheikh."

"Betri?"

"Ipo."

"Alhamdulillahi," sheikh akasema, na nadhani siku hiyo ndipo deni la Vugiri lilipokwisha.

Nikaandika: "Kipande cha mwisho. Teki moja." Hakukuwa na safu ya kuandika mengine.

Hajira alipika ubwabwa. Watu walipokuwa wanakula, Mwinjuma hakuonekana. Nilimkuta amekaa pembeni mwa shamba, kamera mapajani, kama mtu aliyeshushwa mahali asipopajua. Nikamuuliza kama hafurahi. Akasema, "Nimefurahi. Lakini unajua siku ya Idi? Mwezi mzima umeingoja. Halafu usiku unashtuka saa kumi, unainuka kula daku, unakumbuka hakuna daku. Sasa kesho nitaamka nifanye nini?" Nikamwambia kesho ana harusi Kwamndolwa, saa nne, na asichelewe. Alicheka, akafuta macho, tukaenda kula.

Kuiunganisha kulichukua miezi minne zaidi. Lile jina lilimtesa. Filamu nzima mwanamke anaitwa Zubeda, ila kwenye talaka anaitwa Hajira, na kwenye kurejewa anaitwa Hajira. Alijaribu kuchukua "Zubeda" ya teki ya kwanza kuibandika juu ya teki ya tatu, midomo ikakataa. Alifikiri kutumia teki ya pili, na kuhusu ile ya tatu hakutaka kuamua bila wenyewe, akampigia Faraji. Faraji akasema, "Weka hiyohiyo. Nimelisema, nimelisema. Na la mwisho uliache kama lilivyo." Hajira akaja kwenye simu akataka jambo moja tu, kwamba zile dakika nane ziingie. Mwinjuma alizipunguza zikawa mbili, akazima makofi yetu. Unasikia maji tu na mtu anayepuliza vidole.

Tuliionyesha mara ya kwanza Sindeni, Jumamosi asubuhi, kwenye darasa. Madirisha tuliyaziba kwa turubai na khanga, shuka jeupe likawa ukutani. Watu walijaa mpaka juu ya madawati. Faraji na Hajira walikaa nyuma, karibu na mlango. Mwinjuma hakukaa, alisimama kando ya shuka anatazama watu badala ya filamu, na kila mtu alipokohoa yeye alishtuka. Aliniambia anaogopa kitu kimoja tu, mtu asije akauliza lile jina.

Ilipofika talaka, darasa lilikaa kimya. Ilipofika zile punje, nilisikia wanawake wanaguna. Na ilipofika shambani, Faraji akasimama kwenye shuka na vimahindi vya kidole, akasema, "Hajira, nimekosa, nimekurejea," mwanamke mmoja wa mbele akaropoka kwa sauti ya sokoni, "Jamani, kakosea jina!"

Darasa zima likacheka. Nilimwona kaka yangu anafumba macho.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, Hajira alisimama. "Hajakosea," akasema, akakaa.